Vitabu Vizunguke Kama Pesa za Chama



Kila mwanachama wa chama anajua jambo hili. Pesa zikikaa kwenye sanduku bila kukopeshwa haziibiwi, lakini pia hazizai. Mwisho wa mwaka mnafungua sanduku na kukuta zile zile mlizoweka. Chama hukua kwa sababu mmoja alichukua mkopo akanunua ndama au mbolea, akarudisha, na mwingine naye akachukua.

Sasa tembeleeni ofisi ya mwalimu mkuu katika shule za vijijini kwetu, kuanzia Othaya na Mukurweini mpaka Karatina, Kerugoya na Nanyuki. Mara nyingi mtaona kabati lenye kufuli. Ndani yake mna vitabu vya hadithi. Vingine vilinunuliwa kwa michango ya wazazi, vingine vililetwa na wageni wakapigwa picha navyo. Ni visafi kabisa, na sababu ni kwamba hakuna mtoto aliyevishika. Mkiuliza kwa nini, mtaambiwa, "Aa, hawa watoto wa siku hizi hawapendi kusoma."

Katika makala hii tunataka kuonyesha kwamba mara nyingi watoto wanasingiziwa. Tutaeleza mambo ambayo mwalimu wa maktaba, hata kama maktaba yake ni sanduku moja la bati, anaweza kufanya ili watoto wasome kwa hiari yao. Pia tutaeleza kazi ambayo mwalimu hawezi kuifanya peke yake, nayo ni kazi yetu sisi wa vikundi.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2011 uchunguzi wa shirika la Uwezo ulionyesha kwamba katika Kenya ni watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu walioweza kufanya kazi ya darasa la pili. Mtoto asiyesoma vizuri leo ndiye mkulima wa kesho ambaye hataelewa risiti ya kilo zake katika fakitori ya kahawa. Ndiye mama atakayepima dawa ya kuogesha ng'ombe kwa kukisia. Ndiye atakayeweka kidole gumba kwenye karatasi ya shamba bila kujua imeandikwa nini.

KWA NINI KABATI LIMEFUNGWA

Tusimlaumu mwalimu haraka. Katika shule nyingi za vijijini hakuna mtu aliyesomea kazi ya maktaba. Mwalimu mwenye masomo yake mengine hupewa ufunguo, anahesabiwa vitabu, anaweka sahihi. Siku akihamishwa atahesabiwa tena. Kwake yeye, kitabu kilichofungiwa ni kitabu salama.

Tumtazame mtoto naye. Ameambiwa mbele ya darasa kwamba atakayepoteza kitabu mzazi wake atalipa. Nyumbani kwao pesa ya unga yenyewe inatafutwa. Akibeba kitabu, mvua ya Aprili inaweza kumkuta njiani. Ndugu yake mdogo anaweza kukichora. Mbuzi anaweza kukitafuna. Basi mwalimu akiuliza, "Nani anataka kitabu?" mtoto huyu ananyamaza. Mwalimu anaandika moyoni kwamba hapendi kusoma. Kumbe mtoto hana neno na kitabu. Anachoogopa ni deni.

Kwa hiyo ujuzi wote wa kuwavutia watoto unaanzia hapa: ondoeni hofu ya kuazima. Bila hilo hata maktaba yenye rafu za kupendeza itabaki kuwa pambo.

Hapa ndipo kikundi kinapoingia. Anzisheni mfuko mdogo wa vitabu. Kikundi cha watu 20, kila mmoja akitoa shilingi 50 kwa mwezi, kinapata shilingi 1,000 kwa mwezi, yaani shilingi 12,000 kwa mwaka. Tuseme kitabu kimoja cha hadithi kinauzwa shilingi 400. Hiyo ni bei ya vitabu 30. Sehemu ya pesa hizo inunue vitabu vipya na sehemu ikae tayari kulipia vinavyopotea. Halafu pataneni na shule juu ya kanuni tatu:

(a) Kitabu kikichakaa kwa kusomwa, si kosa la mtu. Kimefanya kazi yake.

(b) Kitabu kikipotea, mtoto aje aseme ukweli. Hachapwi wala harudishwi nyumbani. Atasaidia Ijumaa moja kushona vitabu vilivyoraruka, na mfuko utanunua kingine.

(c) Mwalimu hadaiwi kitabu kilichoandikwa vizuri kwenye daftari kwamba kilipotea. Kamati ya shule ikubali jambo hili kwa maandishi, iandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Wengine watasema, "Mkifanya hivyo watoto watazoea kupoteza." Ni swali zuri. Lakini hata katika chama kuna mwenzetu anayeshindwa kulipa, na hatujafunga chama kwa ajili yake. Tunaandika, tunafuatilia, na tunajua mapema kwamba hasara kidogo itakuwepo. Anzeni na vitabu 10 vya bei nafuu kwa muhula mmoja. Mwisho wa muhula hesabuni vilivyorudi, ndipo muamue kuongeza au kurekebisha.

Na tazameni faida. Darasa lina watoto 40 na vitabu 40. Vikifungiwa, ni vitabu 40. Vikizunguka kila wiki kwa wiki 10, kila mtoto atakuwa amepitiwa na vitabu 10, na vitabu 40 vimefanya kazi ya vitabu 400.

NJIA ZA KUWAVUTIA WATOTO

Kufuli likishafunguliwa, mwalimu wa maktaba ana njia nyingi, na nyingi hazina gharama.

1. Peleka kitabu alipo mtoto. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Taifa ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia huko Garissa, kwa sababu wafugaji hawangeweza kuja mjini kila mara. Kama ngamia anaweza kubeba maktaba katika ukame ule, mwanafunzi wa Gredi ya 6 anaweza kubeba sanduku kutoka ofisini mpaka darasani. Sanduku likae darasani kwa wiki mbili kisha lihamie darasa lingine. Vitabu vipangwe jalada likitazama mbele, si mgongo, kama muuzaji wa soko la Karatina anavyopanga nyanya zake nzuri juu.

2. Soma kwa sauti, halafu simama. Mwalimu asome hadithi dakika kumi, na anapofika mahali pa moto, fisi yuko mlangoni na mtoto yuko peke yake nyumbani, afunge kitabu. "Tutaendelea wiki ijayo. Asiyeweza kungoja, kitabu hiki hapa." Mtaona mikono. Mababu zetu walijua siri hii. Cucu alisema "Ugai itha!" nasi tukajibu "Itha!" na hakuna aliyesinzia karibu na moto. Katika Kiswahili tunasema "Paukwa!" nao wanajibu "Pakawa!" Mwalimu atumie miito hiyo hiyo ili mtoto ajue kwamba kitabu ni ndugu ya hadithi ya jikoni.

3. Wakubwa wasomee wadogo. Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940 na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alieleza katika kitabu chake Unbowed jinsi alivyoanza shule. Njiani binamu yake, aliyekwisha kujua kuandika kidogo, aliketi akaandika kitu kwenye daftari, kisha akakifuta kwa raba. Mtoto Wangari aliona kama miujiza, akatamani naye aweze. Mtoto huvutwa na mtoto aliyemtangulia hatua moja. Basi mwanafunzi wa Gredi ya 6 apewe mdogo mmoja wa Gredi ya 2 wa kumsomea kila Jumatano. Na hapa kuna faida nyingine ya siri: yule mkubwa ambaye hasomi vizuri anapata ruhusa ya kusoma kitabu chepesi bila kuchekwa, kwa sababu anajiandaa kumsomea mdogo.

4. Vidole vitano. Watoto wengi hukata tamaa kwa sababu wamepewa kitabu kigumu. Mfundishe mtoto afungue ukurasa mmoja na kusoma. Kila neno asilolijua akunje kidole. Vidole vyote vitano vikikunjika kabla ukurasa haujaisha, kitabu hicho kingoje kidogo, achague kingine. Mwalimu anaweza pia kuweka alama ndogo ya rangi ya kucha kwenye mgongo wa kitabu: kijani kwa chepesi, nyekundu kwa kigumu. Lakini asiandike gredi, maana mtoto mkubwa ataona haya kubeba kitabu cha wadogo.

5. Kitabu cha kusomea cucu. Mtoto abebe kitabu nyumbani na kazi moja tu: amsomee mtu ambaye hajui kusoma au ambaye macho yamechoka. Akirudi, aseme jambo moja ambalo cucu au guka alisema kuhusu hadithi. Wengi wetu tunakumbuka madarasa ya ngumbaru, hasa baada ya kampeni ya kufuta ujinga iliyoanza mwaka 1979. Wako wazee ambao hawakuyafikia. Mjukuu anaposoma kwa sauti, nyumba nzima inasoma.

6. Anza na lugha ya nyumbani. Katika gredi za kwanza, utaratibu wa elimu nchini unaruhusu kufundisha kwa lugha ya eneo. Mtoto wa Mukurweini akisoma hadithi ya Gikuyu, au wa Chogoria akisoma ya Kimeru, anashughulika na kusoma tu. Hapambani na lugha ngeni wakati huo huo. Mjini Nanyuki, ambako watu wamechanganyika, Kiswahili ndicho cha nyumbani kwa wengi. Tangu 2014 mradi wa African Storybook, ulioanzia Afrika Kusini, unaweka kwenye intaneti hadithi fupi za watoto bila malipo, zikiwemo za Kiswahili na za lugha zetu. Kijana yeyote wa kikundi mwenye simu anaweza kuzitafuta, na zinaruhusiwa kuchapishwa kwa karatasi.

7. Watoto watunge vitabu vyao. Chukua karatasi, sindano ya gunia, uzi na katoni ya jalada. Mtoto aandike hadithi aliyosimuliwa, au vitendawili, au kwa nini mto wa kwao unaitwa hivyo, au jinsi ya kupika githeri. Kitabu hicho kipewe namba, kiandikwe kwenye daftari na kiazimwe kama vingine. Kitabu cha mwenzao ndicho watakachogombania kwanza. Tusidhani vitabu hutoka Nairobi na London peke yake. Gakaara wa Wanjau alikuwa na matbaa yake hapo Karatina, akachapa vitabu na magazeti ya Gikuyu. Alifungwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari, na kumbukumbu zake za kizuizini zilimpatia Tuzo ya Noma mwaka 1984. Meja Mwangi, ambaye vitabu vyake vimesomwa nchi nyingi, ni mzaliwa wa Nanyuki. Mwalimu awaambie watoto majina haya. Mtoto akijua kwamba mwandishi alikunywa maji ya mlima huu huu, anaanza kufikiri, "Kumbe hata mimi."

8. Wanafunzi wawe makarani. Wachague watoto wanne wa kuandika daftari: tarehe, jina, kitabu, siku ya kurudisha. Wasichaguliwe wale wa namba moja darasani tu. Mpe kazi hiyo yule mtundu anayekaa nyuma, na ufunguo akabidhiwe saa ya mapumziko. Mara nyingi atakilinda kitabu kuliko mwalimu.

MAMBO YA KUEPUKA

Usitumie kitabu kama adhabu. Mtoto aliyekosea akiambiwa akae ndani asome, atajifunza kwamba kusoma ni kifungo.

Usimpe kila msomaji mtihani. Akijua kwamba kila hadithi ina maswali kumi mwishoni, ataogopa hadithi. Muulize tu, "Nani alikufurahisha humo ndani?" Katika Matendo ya Mitume sura ya 8 tunasoma juu ya yule Mwethiopia aliyekuwa akisoma katika gari lake. Filipo alimuuliza kama anaelewa, kisha akapanda akaketi naye. Hakumpa alama. Msomaji anahitaji mtu wa kuketi naye.

Muwe waangalifu na zawadi. Ukimzawadia aliyesoma vitabu vingi, washindi watakuwa wale wale, na wengine watageuza kurasa bila kusoma. Ni heri darasa zima lizawadiwe. Chora mti ukutani, kila kitabu kikisomwa mtoto abandike jani lenye jina la kitabu. Mti ukijaa majani, darasa zima linywe chai na maandazi ya kikundi.

KUTUNZA VITABU

Kwetu adui wa kitabu ni unyevu wa ukungu wa mlima na baridi ya Julai. Rafu isigusane na ukuta, wala sanduku lisikae juu ya sakafu. Weka mbao au matofali chini, hewa ipite, na mchwa waonekane mapema. Siku ya jua, vitabu vitolewe nje kivulini vipate hewa. Kila kitabu kivikwe jalada la karatasi ngumu ya kalenda ya zamani. Mtoto apewe mfuko safi wa kitambaa wa kubebea. Akina mama wanaojua kushona wanaweza kushona mifuko 40 kutokana na vitambaa vilivyobaki kwa alasiri moja au mbili.

WATU WA KUSOMA

Tukumbuke tulikotoka. Wamisionari wa Consolata walifika Tuthu mwaka 1902 na baadaye wakajenga Mathari hapa Nyeri. Wale wa Kanisa la Uskoti walianza Tumutumu mwaka 1908. Watu wetu waliojiunga nao waliitwa athomi, maana yake wasomaji. Kuingia kanisani na kujifunza kusoma vilikuwa neno moja. Mwaka 1916 gazeti la Wathiomo Mukinyu lilianza kuchapwa Nyeri, na mwaka 1926 Agano Jipya la Gikuyu likatoka. Mzee mmoja aliyejua kusoma aliwasomea jirani kumi. Karatasi moja ilipita mikono mingi mpaka ikachakaa. Leo tuna shule karibu kila kilima, lakini vitabu vimelala kabatini. Jina la athomi tumelirithi. Je, kazi yake tumeirithi?

KIKUNDI KIANZIE WAPI

Kwanza, tumeni watu watatu waende shuleni kwa heshima wamwone mwalimu mkuu na mwalimu wa maktaba. Msiende kukagua. Nendeni kuuliza, "Mwalimu, vitabu vya hadithi vipo vingapi, na ni nini kinachowazuia watoto kuvibeba?" Sikilizeni jibu.

Pili, pelekeni pendekezo la mfuko na zile kanuni tatu kwenye mkutano wa wazazi.

Tatu, ulizeni maktaba ya umma iliyo karibu nanyi kama inaweza kuazimia shule vitabu kwa masanduku. Chini ya Katiba ya 2010 maktaba ni kazi ya serikali ya kaunti. Kwa hiyo mnaweza kulizungumza jambo hili na mwakilishi wenu wa wadi, kama mnavyozungumzia barabara na maji.

Nne, kila nyumba ya mwanachama impe mtoto nusu saa ya kusoma kabla giza halijaingia, au taa akisoma usiku. Tuwaangalie hasa wasichana. Tukiwapa maji, kuni na kupika, halafu tuseme hawasomi, tutakuwa tumewaonea.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika shule yetu, ufunguo wa vitabu unakaa kwa nani? Mara ya mwisho ulitumika lini?

2. Wewe mwenyewe ulipokuwa mtoto, ni nani aliyekusomea au kukusimulia hadithi?

3. Ni mtoto gani kijijini kwetu ambaye hawezi kuazima kitabu kwa sababu ya hofu ya kulipa? Tutamsaidiaje bila kumwaibisha?

4. Ni jambo gani moja tutakalofanya kabla ya mkutano wetu ujao, na nani atalisimamia?

Mkikutana, mwandike majibu. Baada ya muhula mmoja, hesabuni tena vitabu. Mkiona kimoja kimekunjika pembe, kina doa la chai na alama za vidole vyenye udongo mwekundu, mshukuruni Mungu. Hicho kimezunguka.